Dahir, Gari la Usalama Lilitoka Bure

Dahir walaal, ndugu yangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kutumaini kwamba mwenzio ni mzima wa afya. Nimekaa na kalamu tangu nimalize kunywa chai, nikitafuta maneno ya kuweka mahali pa hayo, na sijayapata. Basi naanza tu. Ni mimi Noor, dereva wa pikapu ya maziwa ya ngamia, jirani yako wa mtaa wa Waberi, mtu uliyemjua tangu tukiwa hatuna meno ya mbele.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu chote kiko mdomoni, mkono haukufundishwa. Cheka ukitaka. Ulikuwa ukisema Kiswahili changu ni cha karani wa mahakama aliyefukuzwa kazi, na chako wewe kilikuwa cha sokoni, fumbi badala ya vumbi, bole bole badala ya pole pole, na bado ulinishinda kwa maneno kila siku.

Tangu tukuzike ni mwezi wa nane. Mvua ilinyesha vizuri upande wa Balambala, malisho yapo, maziwa ni mengi hadi mengine yanaganda njiani. Mama yako anaendelea. Goti linamsumbua lakini hataki kuambiwa habari za fimbo. Pikipiki yako iko barazani kwake imefunikwa shuka, na kuna kuku mmoja mpumbavu ameamua kutagia kwenye kiti. Nilitaka kumfukuza, mama yako akanikataza. Alisema angalau kuna mtu anaikalia.

Mimi sijalia. Nakuambia hivyo kwa sababu watu wameshaanza kunong'ona kwamba moyo wangu ni mgumu. Siku ya mazishi nilishika koleo, nikatupa mchanga, nikarudi nyumbani nikala wali wote uliokuwa kwenye sahani. Kesho yake nilikwenda kuchukua maziwa kama kawaida. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: unajua uko pale, unaukanyagia, lakini huusikii. Nimekuwa nikitembea hivyo miezi minane.

Sasa nina jambo la kukuambia. Jumamosi iliyopita nililisema mbele ya watu, lakini wewe ndiye mwenye haki ya kulisikia kwanza, na nimekuchelewesha. Linahusu zile mbio za baada ya Idd.

Unakumbuka jinsi kamati ilivyoleta sheria ya gari la usalama. Kabla yake mbio zetu zilikuwa vurugu tupu. Waendesha bodaboda wa mji mzima wanavua vioo na viti vya abiria, wanakwenda kwenye ule uwanja wa mchanga nje ya mji, mizunguko kumi kuzunguka tairi zilizochimbiwa, na mwenye kuanguka shauri yake. Mwaka ule mtu alipovunjika paja na wengine wakapita juu ya pikipiki yake, Maalim Gedi, mwalimu wetu mstaafu na mwenyekiti wa kamati, alisema basi. Aliona kwenye televisheni kwamba huko wanakoshindana kwa magari, kukitokea ajali linatoka gari moja mbele ya wote, wote wanapunguza mwendo na kulifuata, hakuna kumpita mtu, mpaka njia isafishwe. Akasema na sisi tutafanya hivyo. Gari likawa langu, kwa kuwa lilikuwa na breki.

Wewe ulikuwa wa kwanza kupinga, na hukuwahi kuacha. Ulikuja kwenye kikao umekunja mikono, ukasema, "Mimi nimemwacha mtu nyuma mpaka fumbi yangu imelala. Gari inatoka, anakuja anaweka tairi yake kwa mgongo yangu. Hiyo nafasi nimetafuta mizunguko sita, nani amemba?" Maalim akakujibu kwa mfano wa kisimani, kwa sababu kila jambo kwake linaishia kisimani. Ngamia akitumbukia kisimani, alisema, kila mtu anasimamisha kunywesha, anatolewa yule ngamia, kisha wanaendelea kwa zamu ileile. Wa kwanza ni wa kwanza, wa pili ni wa pili. Hakuna anayeuliza nani alifika alfajiri na nani alifika adhuhuri. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa.

Wewe ukasema kisimani watu wanakunywa, hawashindani.

Nikakuambia unapenda ubishi. Nadhani nilikuwa nimeshapenda kuendesha lile gari. Mbio nzima inasimama nyuma yako, Dahir. Mtu anayebeba maziwa siku zote hapati jambo kama hilo mara nyingi.

Sasa siku yenyewe. Mshindi alikuwa aende Isiolo kuiwakilisha Garissa, na wewe ulikuwa na miaka thelathini na sita, na kifundo cha mkono kilichokuwa kinakataa klachi. Ulikuwa umeniambia kwamba huo ndio mwaka wako wa mwisho, na ukiukosa utawaachia vijana. Ulimaliza mizunguko sita. Yussuf, yule wa Balambala mwenye pikipiki mpya, alikuwa wa pili, na nakumbuka nilimtafuta kwa macho nisimwone. Wewe ulikuwa unakuja kwenye mstari, na nyuma yako uwanja ulikuwa mweupe, mtulivu kabisa.

Hapo nikaona nguo nyekundu inapepea upande wa pili, nyuma ya miti ya miiba, kwenye kona ya Siyat, mshika bendera nyekundu ya ajali.

Unajua sisi madereva wa huku tulivyo. Ukiona nguo inapepea mbali barabarani, huulizi, mguu umeshakwenda kwenye breki wenyewe. Pengine ni mtu ana mgonjwa, pengine mtungi wake wa maji umepasuka. Baba yangu alisimamisha gari kwa kila nguo aliyoiona kutoka hapa mpaka Diff, na mara nyingine ilikuwa shati tu limenasa kwenye mti, na hakuwahi kujuta. Mimi nimelelewa kwenye kiti cha pembeni cha gari lake. Niliona nyekundu, nikatia gia, nikatoka mbele yako. Ulinipigia honi kwa hasira. Nikakuonyesha mkono, tulia.

Nilipofika kwenye kona ile nikaona kila kitu. Alikuwa mchungaji. Amevua shali yake nyekundu ya miraba anawazuia ngamia wasije upande wetu, na walikuwa wameshageuka, wanakwenda zao mbali kabisa na njia. Siyat alikuwa ameketi kwenye mtungi, bendera imelala magotini, anamenya ndizi. Alinitazama akashangaa. Hakuna aliyeanguka. Hakukuwa na kitu chochote njiani.

Mpaka hapo lilikuwa kosa, Dahir, na kosa ningeweza kulibeba. Ningemaliza mzunguko ule mmoja, nikapaki, nikashuka nikamwambia Maalim nimeona vibaya, simamisha mbio, tuwapange upya na umbali wao. Ungenitukana mbele ya mji mzima na jioni tungecheka. Lakini nilipokaribia mstari niliwaona watu wote wananiangalia, kamati imesimama, wazee wameshika fimbo zao, wote wanasubiri kujua kumetokea nini. Nikaona aibu. Nikawaza, mtu akitoka mzunguko mmoja na kurudi watajua hakukuwa na jambo. Nikaongeza mwingine. Niliuendesha taratibu, nikatoa kichwa dirishani nikitazama mchanga, kama mtu anayehakikisha njia. Nilikuwa naigiza, na wewe ulikuwa nyuma yangu kabisa, na nyuma yako Yussuf.

Nilipowaachia ilibaki mizunguko miwili. Pikipiki yako ilikuwa nzito kuanza na tamu ikishakolea. Ungekuwa na mitatu ungemrudia Yussuf. Nilisikia injini yake ikikupita na sikutazama.

Maalim aliponiuliza nikasema, "Ngamia." Akaandika ngamia. Na kweli ngamia walikuwapo, kila mtu aliwaona kwa mbali, hakuna aliyebisha. Ulikuja ukanipa mkono. Ulisema, "Haya, Noor," basi, ukasukuma pikipiki yako kuelekea nyumbani badala ya kuiwasha.

Yussuf alikwenda Isiolo. Alimaliza wa nne. Nilijiambia kwamba hata wewe labda usingefika hapo, kana kwamba hiyo ingenifaa kitu.

Baada ya wiki kumi na moja homa ikakushika, macho yakawa ya manjano, wakasema ni ini. Nilikuja hospitalini siku ya pili. Shangazi zako watatu walikuwa wamejaa kitandani, mmoja anakukanda miguu, mwingine anasoma Yasini, wa tatu ananiuliza kwa nini mke wangu hakuja. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa hata nimepanga nitaanzia wapi. Ukaniangalia kwa yale macho, na mimi nikaanza kuzungumza habari za mvua. Nilizungumza habari za mvua muda mrefu sana, Dahir. Upande gani kumenyesha, upande gani bado. Siku ya nne ukafa.

Pale makaburini, kabla hujateremshwa, imamu aliuliza kama ilivyo ada: huyu ndugu yenu, kama yeye alimkosea yeyote kati yenu, mnamsamehe? Tukajibu wote tumemsamehe. Nilijibu kwa sauti kubwa, mwanamume aliyekuwa kando yangu akanigeukia. Imamu akauliza tena mara ya pili, na tena nikajibu. Hakuna anayewageukia walio hai na kuuliza, nani kati yenu anahitaji kusamehewa na huyu? Ada haina swali hilo. Nilisimama pale nikingoja liulizwe, nikiwa najua kabisa haliulizwi.

Ndivyo nilivyorudi nyumbani nikala wali.

Sasa mbio nyingine ziko wiki tatu mbele. Kamati ilikaa Jumamosi asubuhi barazani kwa Maalim, na waendeshaji wakaitwa. Maalim akatoa karatasi yako. Sikujua kama uliandika karatasi. Kumbe ulimpelekea siku chache baada ya mbio, kwa biro ya kijani, mistari imepanda mlima kama daima. Ulipendekeza gari liondolewe kabisa, na kama litabaki, basi likitoka mtu akae kwenye mstari na saa ya kuhesabia sekunde, aandike kila mmoja amepita na umbali gani, na gari likiondoka wasiachiwe kwa pamoja, bali kila mmoja aachiwe baada ya sekunde zake. Hukumlaumu mtu. Hukutaja hata mbio zile.

Maalim alisema anaileta kwa heshima ya marehemu. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa ajili ya marehemu, na mimi nikajua jinsi itakavyokwenda: watasema Mungu amrehemu, wataikunja, na sheria itabaki ileile. Ndipo Maalim akanigeukia, akaniuliza kama dereva: kwa miaka hii yote, gari limewahi kumdhulumu mtu?

Nikasimama. Nikasema, ndiyo, gari lilimdhulumu Dahir, na lilitoka bure. Nikaeleza shali, na ngamia waliokuwa mbali, na mzunguko wa pili. Mzunguko wa pili ikabidi niuseme mara mbili.

Yussuf ndiye aliyesema kwanza, na alikuwa amekasirika, na ana haki. "Sasa mimi ni nani?" akasema. "Mimi nilifuata sheria, nikafuata gari yako, nikashinda. Leo watu wataniita mwizi. Kwa nini hukusema siku hiyo nikiwa na uwezo wa kusimama tena nishindane naye?" Sikuwa nimemfikiria Yussuf hata mara moja. Nilidhani nimekosea mtu mmoja. Maalim akasema ushindi ni wake, hakuvunja sheria yoyote, na atakayemwita mwizi aje kwake. Kisha akasema mimi sitaendesha gari mwaka huu. Hakusema kwa ukali. Nilimpa ufunguo wa akiba wa pikapu yangu pale pale, ili mwingine aiendeshe siku hiyo, nikakaa.

Kisha Siyat akainua mkono. Unamjua Siyat, mtu wa maneno matano kwa wiki. Alisema, "Dahir alijua. Alikuja kwangu siku ile ile, jua bado liko juu. Akaniuliza, uliinua bendera? Nikamwambia wallahi sikuinua. Nikamwambia twende kwa Maalim sasa hivi. Akasema hapana. Akasema, mwache Noor, atasema mwenyewe."

Hakuna aliyenitazama, na nawashukuru kwa hilo.

Ulijua. Kwa hiyo zile Ijumaa zote ulijua. Baada ya mbio ulianza kuja kwangu kila Ijumaa baada ya swala, jambo ambalo hukuwa ukilifanya, siku zote ni mimi niliyekuwa nikija kwako. Unaketi kwenye mkeka, unakunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, husemi kitu. Unaniangalia. Ukimaliza unasema, "Haya, Noor," unachukua viatu vyako. Nilidhani unakuja kunionyesha uso wako uliokosa Isiolo. Nilidhani unanisuta kwa kunyamaza. Nilikuchukia kidogo kwa ajili ya hilo, nakuambia kweli. Ijumaa mbili nilimwambia mke wangu aseme nimekwenda Balambala, na nilikuwa ndani, nimelala chali, nikisikiliza ukimuuliza habari za watoto. Viatu vyangu vilikuwa mlangoni. Uliviona, lazima uliviona, ulikaa ukanywa chai yako vilevile.

Ijumaa kumi ulikuja kunipa nafasi ya kusema sentensi moja.

Nimelia jana, kama unataka kujua. Nilikuwa nashusha mitungi ya maziwa mchana kweupe, mbele ya akina mama wanaouza. Wakanikalisha kivulini, mmoja akanimwagia maji kichwani akidhani ni joto. Hawakuniuliza, wakaendelea kuuza.

Kamati imekubali karatasi yako, nusu. Gari litabaki, lakini sekunde zitahesabiwa na kila mtu atarudishiwa umbali wake. Na hapa naomba nikubishie kidogo, kwa kuwa huwezi kunijibu na sijawahi kupata nafasi kama hii: mimi bado naamini gari linahitajika. Mtu akilala kwenye mchanga na vumbi limeziba macho ya wanaokuja, bendera haimsaidii. Lakini ulikuwa na haki kwenye lile lingine. Gari linaokoa maisha ya mtu, na wakati huohuo linaweza kumnyang'anya mtu mwingine kazi yake ya asubuhi nzima, na mambo hayo mawili ni kweli yote. Sisi tulilitaja la kwanza tu, ili tusisumbuke na la pili.

Waliuliza nani atashika saa. Maalim alikuwa wa kwanza kutaja jina langu, na Yussuf akasema naam, yeye, kwa sababu atakuwa na hofu ya kukosea tena. Siku hiyo nitakaa kwenye mstari tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, na kila mmoja atapata sekunde zake, hata yule wa mwisho kabisa ambaye hakuna anayemngoja. Na nikikosea nitainuka nitasema nimekosea, hapo hapo, watu wote wakinitazama, pikipiki zikiwa bado zinanguruma. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeshamwambia mama yako, kwa hiyo siwezi kuikwepa.

Allah akupanulie kaburi, walaal, akupe kivuli na maji baridi. Nisamehe. Wewe ulingoja Ijumaa kumi ukiwa hai, na mimi nikakusubirisha mpaka ukawa huwezi tena kusikia.

Noor